Sura ya Sita: Mashine ya Harlan na Mlingoti wa Jirani

"Kishushe hicho chuma chako, Orrin, kabla hujaniacha mjane!"

"Chuma hiki kimesimama hapa miaka kumi na tisa, Darlene. Mumeo ndiye aliyenishikia ngazi nikikisimamisha. Leo ndiyo kimeanza kuua?"

"Leo? Mara tatu ndani ya mwezi mmoja! Mara tatu mashine imezima Harlan akiwa na sindano mkononi. Mara tatu nimemrudishia damu yake kwa hendeli, nazungusha kama mtu anayesaga nyama, na wewe uko ndani unabwabwaja redioni na wazee wenzako!"

"Kubwabwaja kumekuwa kosa la jinai Minnesota? Basi mtaa mzima twende jela, na wewe ukae siti ya mbele."

Walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa ule ukanda wa theluji chafu ya Aprili uliobaki katikati ya nyumba mbili. Darlene Wojcik alikuwa na aproni juu ya koti, Orrin Skogstad na kandambili za sufi juu ya majani yaliyolowa. Mapazia ya nyumba nne yalikuwa yameshatikisika. Nyumba ya tano ilikuwa imefungua dirisha kabisa, baridi au si baridi.

Noreen Tschida alisimama kando ya gari lake na mkoba begani, akawaacha wamalizane. Mtu akiulizwa swali huchagua maneno. Akiwa kwenye ugomvi huyamwaga yote.

Kwa miaka ishirini Noreen aliandika viini vya mifumo endeshi, ile programu ya chini kabisa ndani ya mashine, inayogawa kazi kwa programu nyingine zote. Sasa alifanya kazi ya kuitwa. Mashine ikifa na kila mtu akimnyooshea kidole mwenzake, hospitali au bima humpigia simu Noreen. Safari hii ilikuwa hospitali iliyowakopesha akina Wojcik mashine ya kusafishia damu nyumbani.

"Wewe ndiye mpelelezi?" Darlene alimgeukia. "Afadhali. Asante kwa kuja, mama, nakushukuru kweli. Muuaji huyo hapo, amevaa kandambili."

"Habari za asubuhi," alisema Orrin kwa upole, akainua mkono kidogo.

"Na ushahidi uko pale." Darlene alionyesha sanduku la barua kando ya barabara. Kibendera chake chekundu kilikuwa kimesimama, ishara kwamba kuna barua ya kuchukuliwa. "Inakwenda kwa wakubwa wanaotoa leseni za redio, nakala polisi. Nimeandika kwamba mawimbi yake yanaizima mashine, kwamba nilimwonya, na kwamba tangu tugombane Februari, aliponijazia theluji mlangoni na ile mashine yake ya kuondolea theluji, anafanya makusudi. Mtu wa posta hupita saa tisa alasiri."

Noreen alitazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Naomba ukishushe kibendera mpaka nimalize."

"Kahawa nitakupa. Keki nitakupa. Kibendera hakishuki."

Orrin alitazama mlingoti wake wa antena, kisha ile barua. Alikuwa na miaka sabini na minane, mjane tangu mwaka juzi, mwalimu mstaafu wa fizikia aliyezungumza na watu wa mbali kwa redio yake mwenyewe. "Wakichukua leseni," alimwambia Noreen kwa sauti ya chini, "watu wanaonisemesha kwa siku nzima watabaki wawili. Mmoja ni daktari wa meno."

*

Harlan alikuwa chumbani kwenye kiti chake cha kuegemea, mtu mkubwa aliyetengeneza mabasi ya mji kwa miaka thelathini na nne. Pembeni yake ilisimama mashine yenyewe, kimo cha friji ndogo, na mirija yake ikiwa imeviringishwa vizuri. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, si siku ya matibabu.

"Usimwogope mke wangu," alisema Harlan. "Kelele ni za mdomo tu. Mikono ndiyo iliyoniweka hai. Mara zote tatu hakutetemeka hata kidogo."

"Nilitetemeka baadaye, jikoni," alisema Darlene, akaweka daftari mapajani mwa Noreen.

Lilikuwa daftari zuri. Kila matibabu yalikuwa na tarehe, uzito, presha, saa ya kuanza. Harlan alianza saa moja kamili asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mashine ilikufa siku tatu: saa nne na dakika tatu, saa nne na dakika mbili, saa nne na dakika tatu.

"Orrin huingia hewani saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu mpaka saa nne na robo. Kila siku ya kazi, kama kengele ya kanisa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na mwezi huu Harlan ametibiwa mara ishirini na moja." Noreen alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Mtuhumiwa yupo kwenye eneo la tukio mara ishirini na moja, na vifo ni vitatu tu."

"Siku nyingine analenga vibaya," alisema Darlene.

Noreen alichomeka waya nyuma ya mashine, akafungua kompyuta yake. Mashine ya namna ile, ikijiona inakufa, huandika mistari michache ya mwisho. Alisoma vifo vitatu kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilitokea mashine ilipokuwa ikisoma pampu. Cha pili ilipokuwa ikichora picha kwenye kioo. Cha tatu ilipokuwa ikiuliza saa. Na kila kimoja kilikuwa na namba za ajabu mahali ambapo zilitakiwa namba za kawaida.

"Mashine moja, vifo vya namna tatu," alisema.

"Si ndiyo mawimbi hayo! Yanapiga popote."

"Inafanana na mawimbi," Noreen alikubali. "Mtu yeyote angesema ni mawimbi."

Kwa hiyo aliijaza mashine maji ya chumvi badala ya damu, akaiwasha, akaweka kipima mawimbi juu yake, akampigia Orrin simu. "Mwalimu, ongea. Nguvu zote. Dakika ishirini."

"Niongee nini?"

"Umeshawahi kuuliza hilo?"

Kwa dakika ishirini sindano ya kipimo ililala upande wa kulia kabisa. Taa ya jikoni ya akina Wojcik ilipepesa. Mashine iliendelea kuzungusha maji yake ya chumvi kama haina habari.

"Anapunguza nguvu huyo," alisema Darlene.

"Kipimo kinasema hajapunguza."

"Basi kipimo ni rafiki yake."

*

Chumba cha redio cha Orrin kilikuwa cha mtu nadhifu anayeishi peke yake: kikombe kimoja, kiti kimoja, penseli tatu zimechongwa. Noreen aliketi juu ya sanduku.

"Una kitabu?"

"Kila mtu wa redio ana kitabu." Alikisukuma mbele yake bila kusita. Kila mara aliyoingia hewani iliandikwa kwa mwandiko wa ubaoni.

Noreen alilinganisha na daftari la Darlene. Siku zote tatu, katika dakika zote tatu, Orrin alikuwa hewani.

"Unajua kwamba kitabu hiki kinakutia hatiani?"

"Najua. Nimekilinganisha mwenyewe Darlene alipoanza kupiga kelele."

"Na hukukificha."

"Ni kitabu cha kweli, mama. Siwezi kukiandika upya kwa sababu kinanisema vibaya." Aliinua penseli moja, akairudisha. "Kama ni mimi, niambie. Mlingoti nitaushusha mwenyewe kabla barua haijafika popote. Harlan ni Harlan."

"Siku hizo tatu zilitofautianaje na nyingine?"

Orrin alifikiri. "Nilizungumza zaidi, nadhani. Hiyo ya kwanza nilieleza habari ya dubu na mashua. Ya pili nilieleza jinsi mkuu wetu wa shule alivyojifungia chumba cha maabara akiwa na kaptula tu. Ya tatu niliirudia ya dubu, kwa sababu Lester wa Duluth aliikosa."

"Hadithi za kuchekesha."

"Hunichekesha mimi."

Noreen alimshukuru kwa kitabu, akakipiga picha kurasa tatu. Orrin alimsindikiza mpaka mlangoni, akaongea hapo dakika kumi, akamsindikiza mpaka kwenye gari lisilokwenda popote, akaongea tena dakika tano.

*

Darlene alikuwa jikoni anakatakata vitunguu kwa hasira. Noreen aliingia chumbani, akafunga mlango. Tangu asubuhi alikuwa ameona waya mwembamba mweusi ukitokeza chini ya blanketi la Harlan.

"Huo nao ni wa matibabu?"

Harlan alitazama mlango. Kisha akainua pembe ya blanketi. Kulikuwa na redio ndogo ya mawimbi mafupi, ya kusikiliza tu, na kifaa cha kusikilizia sikioni.

"Usimwambie Darlene."

"Unamsikiliza Orrin?"

"Kila asubuhi. Saa tatu na nusu." Uso ulimwiva. "Tangu Februari yeye na Darlene hawasemeshani ila kwa matusi, na mimi nimefungwa na mirija, siwezi kwenda kwake. Basi namsikiliza. Unajua humalizia vipi? Kila siku husema, 'Na kwa jirani yangu Harlan, aliyeunganishwa mahali fulani karibu: damu njema, mzee.' Kila siku, hata siku aliyotukanwa asubuhi yake. Hajui kama nasikia."

Noreen alivuta kiti. "Siku aliyoeleza habari ya dubu. Kabla mashine haijazima, ulifanya nini?"

"Nilicheka."

"Baada ya kucheka."

"Hakuna. Nilipima presha tu, kwa huu mkanda." Aligonga mkanda wa presha mkononi mwake, ule mpya unaotuma vipimo kwenye mashine bila waya. Hospitali iliuleta mwezi uliopita. "Natakiwa kupima saa nne kasorobo. Siku ile hadithi ilininogea, nikasahau. Nilipokumbuka ilikuwa imeshapita saa nne."

"Na siku ya mkuu wa shule?"

"Hivyo hivyo. Mungu wangu, ile kaptula!"

"Na dubu wa mara ya pili?"

"Alikuwa mzuri kuliko wa kwanza."

Noreen alifungua kompyuta. Saa tatu baada ya matibabu kuanza, mashine huandika ripoti yake, huifunga kwa msimbo wa siri, huihifadhi, kisha huituma hospitali. Aliyeanza saa moja kamili, ripoti yake huandikwa saa nne na dakika chache.

Alimpigia Orrin tena. "Mwalimu, zima kila kitu. Chomoa nyaya. Kaa kwenye ngazi za nje pale Darlene atakapokuona, mikono juu ya magoti."

Akamwita Darlene. Mashine ilikuwa bado inazungusha maji ya chumvi. Noreen aliiamuru kwa waya iandike ripoti, na hapohapo Harlan akabonyeza mkanda. Ukapumua, ukabana, ukaachia. Hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu, hakuna. Mara ya nne kioo kikawa cheusi, pampu ikasimama, king'ora kikalia.

Darlene alikuwa ameshashika hendeli kabla hajakumbuka kwamba ni maji. Alitazama dirishani. Orrin alikuwa kwenye ngazi, mikono magotini, pua nyekundu kwa baridi.

"Labda ule mlingoti wenyewe..." alianza.

"Mlingoti usio na umeme ni mti wa chuma, Darlene. Ndege hukaa juu yake."

"Basi ni nani?"

"Bado sijui."

"Mpaka uniambie ni nani, barua inakaa. Samahani, mama. Nimemshika mume wangu hivi mara tatu. Nataka jina."

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

*

Kampuni iliyotengeneza mashine ilikuwa mwendo wa nusu saa. Waliyemtuma alikuwa Pakou Lor, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye asili ya Wahmong wa Laos, mzaliwa wa St. Paul. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompunguzia Darlene hasira kwa kiasi fulani.

"Mnakitunza kiini hiki wangapi?" Noreen aliuliza.

"Wawili. Sasa mmoja. Mimi."

"Rundo la kila kazi ni kubwa kiasi gani?"

"Baiti elfu nane mia moja tisini na mbili."

"Rundo la nini?" Harlan aliuliza kutoka kwenye kiti. "Mimi ndiye ninayeunganishwa, nielezeni na mimi."

Pakou alitafuta maneno. "Kiini kinapofanya kazi, mzee, kila hatua inaita hatua nyingine. Kila moja inaweka vitu vyake mahali fulani ikisubiri ile iliyoitwa imalize. Vinapangwa juu ya vya mwenzake, vinaondolewa kwa zamu. Mahali hapo pameshapimwa, hapaongezeki. Na ni padogo kwa makusudi, kwa sababu kila kazi inayoendelea hupewa pake, na kazi ni nyingi."

"Benchi ya fundi," alisema Harlan.

"Kivipi?"

"Unafungua injini, sehemu unaziweka benchini. Ndani yake kuna pampu, unaifungua, sehemu benchini. Unarudisha kwa kinyume. Benchi ikijaa, vitu vinaangukia benchi ya jirani yako, na yeye anavifunga kwenye injini yake bila kujua."

Noreen na Pakou walitazamana.

"Ningekupata miaka ishirini iliyopita," alisema Noreen, "nisingeandika kurasa mia mbili za kueleza hilo. Ndiyo sababu vifo havifanani. Kilichofurika ni kimoja, ila kila siku kinamwangukia mwingine."

"Lakini ripoti tuliipima," alisema Pakou haraka. "Inatosha. Na mkanda tuliupima. Unatosha."

"Kwa pamoja?"

Pakou alianza kuhesabu kwa vidole.

"Mkanda ukituma kipimo, unabisha hodi," Noreen alimwambia Harlan. "Kiini kinaacha kinachofanya, kinamhudumia mgeni kwanza. Mashine kubwa zina benchi ya pembeni kwa ajili ya wageni. Hii haina. Mgeni anapanga vitu vyake juu ya benchi ileile, juu ya vya mwenyeji."

"Mafundi wawili, benchi moja," alisema Harlan. "Niliwahi kumfukuza mtu kwa hilo."

Walikwenda wote kwenye meza ya chumba cha kulia. Pakou alikuwa amekuja na ubao wa mashine mtupu, bila pampu wala kioo. Njia aliyotaka Noreen ilikuwa ya kizamani na ya hakika: kabla ya kazi kuanza, waipake benchi yote namba moja ileile, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama ukuta unavyopakwa chokaa. Kazi ikiisha, watazame chokaa imebaki safi wapi. Palipochafuka ndipo vitu vilipofika.

Ripoti peke yake: baiti elfu tano mia tisa.

Mkanda peke yake: elfu mbili mia sita.

Darlene alikuwa ameegemea mlango na kitambaa cha vyombo. Alijumlisha kichwani kabla yao. "Elfu nane na mia tano. Na nafasi ni elfu nane mia moja na kitu."

"Mia moja tisini na mbili," alisema Noreen. Aliagiza vyote viwili kwa pamoja. Jaribio la sita liliuzima ubao. Noreen alisoma mwisho wa benchi, mahali ambapo huwekwa namba moja maalumu ya kuonyesha mpaka. Namba ile ilikuwa imefutwa. Juu yake palikuwa na mia moja ishirini juu ya sabini na nane, kisha sitini na sita. Presha ya Harlan na mapigo ya moyo wake.

Alimgeuzia Harlan kompyuta. "Hicho ndicho kilichokuwa kikiangukia kwa jirani."

Halafu akamgeukia Pakou. "Elfu mbili mia sita kwa ajili ya mkanda wa presha. Nionyeshe."

Pakou alifungua msimbo. Fundi aliyeandika programu ya kuuendesha mkanda, mtu wa kampuni ya nje, alikuwa ameweka benchini safu nzima ya vipimo, baiti elfu mbili na zaidi kwa mkupuo mmoja, badala ya kuomba nafasi kwenye ghala kuu.

"Kompaila inayojenga programu ina kipimo chake cha juu," alisema Noreen. "Kipande chochote kikitaka zaidi ya baiti elfu moja na ishirini na nne benchini, inatoa onyo. Hiki kinataka mara mbili. Onyo liko wapi?"

"Halikutoka."

"Kwa nini?"

Nje gari lilipita kwenye maji ya theluji.

"Kipimo kilipandishwa," alisema Pakou. "Kikawekwa elfu nne na tisini na sita. Mstari mmoja."

"Nani alikipandisha?" Noreen angeweza kuitazama historia ya msimbo, ambayo hubeba jina la kila aliyegusa mstari. Kompyuta ilikuwa mbele yake. Hakuigusa.

"Mimi."

Darlene alishusha kitambaa.

"Tuna kengele ofisini," Pakou aliendelea, macho yakiwa mezani. "Kila Ijumaa programu nzima inajengwa upya. Isipotoa onyo hata moja, kengele inagongwa, wote tunakula donati. Tulikuwa tumegonga wiki kumi na moja mfululizo, hata mkurugenzi hushuka siku hizo. Ijumaa ile msimbo wa mkanda ulifika saa nane mchana, onyo likatoka. Watu wamesimama wanasubiri. Nikapandisha kipimo. Nikajiambia Jumatatu nitaurekebisha msimbo na kukirudisha. Jumatatu nikapewa kazi nyingine." Aliinua macho, akamtazama Harlan. "Mstari ule ulikuwa wangu, mzee. Redio haihusiki. Nilinyamazisha onyo ili tule donati."

Darlene alifungua mdomo. Noreen aliujua mdomo ule tangu asubuhi, akajiweka sawa kitini. Lakini Harlan ndiye aliyesema.

"Binti. Nyumba ngapi zina mashine kama hii?"

"Mia mbili na kumi na mbili. Zenye mkanda mpya, arobaini."

"Basi piga simu kwanza. Kulia utalia baadaye."

Pakou alipiga simu pale pale, mbele yao, kwa mkubwa wake. Alisema mikanda yote arobaini izimwe sasa hivi, wagonjwa warudi kwenye mkanda wa kawaida, na akasema kwa nini, na akasema ni nani. Alisikiliza kwa muda. "Ndiyo," alisema. "Najua. Asante." Akakata.

Kisha akafanya kazi. Safu ya vipimo aliitoa benchini, akaiombea nafasi ghalani mara moja tu, mashine inapowaka. Kipimo cha onyo akakirudisha kwenye elfu moja na ishirini na nne, na onyo akaligeuza kuwa kosa, ili safari nyingine programu ikatae kabisa kujengwa. Noreen alisoma kila mstari juu ya bega lake. Mkanda sasa ulitaka baiti mia mbili. Walipaka chokaa upya, wakaagiza ripoti na mkanda kwa pamoja mara hamsini, Harlan akibonyeza mpaka akalalamika kwamba mkono umekufa ganzi. Mahali palipochafuka zaidi palikuwa baiti elfu sita na mia moja. Elfu mbili na kidogo zilibaki nyeupe, safi, na namba ya mpaka ilikuwa mahali pake.

"Hiyo ndiyo benchi," alisema Harlan. "Fundi mzuri huacha nafasi ya kuwekea kikombe."

Darlene alimgeukia Pakou. "Ungeweza kuuficha ule mstari," alisema. "Ungeniacha nimtie mtu wa watu jela."

"Nilitaka kuuficha, mama. Kwa kama dakika mbili."

"Asante kwa dakika ya tatu." Darlene alivuta pua. "Bado nimekukasirikia."

"Sawa, mama."

"Sana."

"Sawa."

"Harlan, na wewe unaficha nini chini ya blanketi tangu asubuhi?"

Harlan aliitoa redio. Aliongea kwa ufupi: saa tatu na nusu, dubu, kaptula, na yale maneno ya mwisho ya kila siku. Damu njema, mzee. Darlene alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama.

"Kila siku?" aliuliza.

"Hata siku uliyomwita panya wa theluji."

Noreen alitazama saa: saa tisa kasoro dakika mbili. Mwishoni mwa mtaa gari jeupe la posta lilikuwa limeshageuka kona, likisimama nyumba kwa nyumba. Darlene alitoka bila koti. Mtu wa posta alimkuta amesimama mbele ya sanduku lake, barua ikiwa imeshakunjwa mara nne ndani ya mfuko wa aproni, mkono mmoja umekishikilia kibendera chini kana kwamba kingeinuka chenyewe.

"Una kitu leo, Darlene?"

"Sina. Endelea na kazi yako."

Aliendelea, lakini polepole, kwa sababu mapazia ya nyumba nne yalikuwa wazi na yeye hakutaka kuwa wa mwisho kujua.

Orrin alikuwa bado kwenye ngazi zake. Hakuna aliyekumbuka kumwambia ainuke. Darlene aliuvuka ule ukanda wa theluji, viatu vikazama, akasimama mbele yake.

"Si wewe," alisema.

"Nashukuru kusikia."

"Ni donati."

"Donati?"

"Nitakueleza. Harlan atakueleza, yeye anaijua kwa mabenchi." Alijifuta mikono kwenye aproni iliyokuwa kavu. "Yule binti wa mashine anakaa kula. Mpelelezi naye anakaa. Nimetia kitu kwenye oveni, nyama ya kusaga na uyoga, viazi vya kukaanga juu. Kimeshakuwa kingi mno. Njoo."

"Ah, hapana, asante sana. Nilikula mchana."

Mtaa ule hakuna anayekubali mwaliko wa kwanza. Darlene alisubiri kiasi cha heshima.

"Harlan ameshatoa sahani ya tano. Hajui kuirudisha kabatini."

"Sitaki kuwasumbua, Darlene. Kweli. Mna wageni."

Darlene alirudi nyumbani kwake, akapanda ngazi, akaufungua mlango mpaka mwisho na kuushikilia hivyo kwa mgongo. Mvuke wa chakula ukatoka uani. Ndani Harlan alikuwa anacheka na mtu fulani anataja dubu.

"Joto lote linatoka nje, Orrin," alisema. "Ingia ule."